Kompyuta ya Viraka

Wateja walioingia kwa mshonaji yule kupimwa sketi walikuta vitu viwili mezani: cherehani upande wa mlango na kompyuta upande wa ukuta. Kompyuta aliinunua kuukuu, ili ahifadhi picha za mitindo. Siku hizi mitindo ilikuwa kisingizio tu. Kila Jumapili saa kumi alasiri alifunga duka, akakaa kuendesha lori.

Lori lilikuwa la mchezo wa mtandaoni, lakini lile lililomfuata nyuma liliendeshwa na mtu wa kweli: mdogo wake wa tumbo moja, aliyefanya kazi mji wa mbali. Miaka miwili walikuwa hawajapigiana simu. Baada ya mazishi ya mama yao, mdogo mtu aliiuza cherehani ya marehemu kwa wanunuzi wa chuma chakavu bila kuuliza, akidhani ni mzigo tu. Dada mtu alikuwa amejifunzia ushonaji kwenye cherehani ile. Alimwambia maneno makali, kisha akatoka uani kwa mama yao bila kuaga. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Majirani walilima, siku ya kapu haikufika.

Mchezoni ndiko walikokutana. Alimtambua kwa jina la Kinyonga, alilompa yeye mwenyewe utotoni kwa uzito wake wa kuvaa viatu. Mdogo wake naye alimtambua. Tangu hapo waliandikiana neno moja tu kila Jumapili. "Tayari?" "Tayari." Kisha walisafirisha mbao milimani, lori mbele, lori nyuma, kama watu wawili wanaoosha vyombo kimya kimya.

Tabu ilikuwa kompyuta. Ilikwamakwama, na Kinyonga alilazimika kuegesha pembeni mwa barabara, taa zikiwaka na kuzimika, akimngoja dada yake. Kungoja nako kuna mwisho, na mwanamke yule alilijua hilo. Akaanza kuitia viraka. Kwanza aliiongezea kumbukumbu. Baada ya miezi mitatu akaipa diski yenye kasi, ikaacha kuchukua muda wa kuchemsha maji kabla ya kuwaka. Baadaye ikafuata feni. Kila kilichotolewa aliking'arisha kwa kitambaa, akakitia kwenye kopo la vifungo. Kwake kitu hakitupwi.

"Fundi," muuza vipuri wa ng'ambo ya barabara alimtania, "umeibadilisha mpaka limebaki jina. Si ununue mpya tu?"

"Koti nikiligeuza kola na kulitia bitana mpya, mwenyewe haniambii nimempa la jirani."

Jumapili moja Kinyonga aliandika sentensi ndefu kuliko zote za miaka miwili: "Mwezi ujao mchezo unabadilishwa, kompyuta dhaifu hazitauweza. Yako je?"

Aliisoma mara tatu. Hakujibu. Kesho yake alivuka barabara, futi shingoni, kununua kadi ya picha yenye nguvu, kipuri kinachochora mchezo kiooni. Nafasi ya ndani ya kompyuta alikuwa ameshaipima. Sasa akaipima kadi, urefu na upana.

"Inaingia," alisema.

"Fundi, lakini umeangalia na..."

"Nimepima, kijana." Miaka ishirini alikuwa akipima watu; hakuhitaji kufundishwa kupima.

Jumapili iliyofuata milima ilikuwa na majani. Kwa mara ya kwanza aliona matone ya mvua kwenye kioo cha lori la mdogo wake. Walipoanza kupanda, mzigo ukiwa mzito, kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Aliiwasha, ikafika palepale, ikazimika tena. Ndipo alipoelewa. Kisanduku kinachogawa umeme ndani kilikuwa kilekile cha siku ya kwanza, na kadi mpya ilidai umeme usiokuwamo. Urefu aliupima. Nguvu hakuipima.

Alikaa na futi yake shingoni. Huko mbali, machoni pa mdogo wake, lori lake lilikuwa limetoweka ghafla, kama alivyotoweka yeye siku ile ya uani.

Simu ikaita.

"Dada."

"Naam."

"Umeniacha mlimani."

"Sikukuacha. Imezimika."

"Nilidhani umeudhika tena."

Akamweleza. Mdogo wake akasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo kadi uliipima kwa futi?"

"Kwa futi."

"Na kiuno hukukisahau?"

"Nyamaza wewe."

Walicheka, kwa uangalifu, kama watu wanaojaribu daraja. Kisha mdogo mtu akakohoa. "Ninacho kisanduku cha umeme hapa, kikubwa, nilikitoa kwenye yangu. Kuna mtu anakuja kesho kukinunua. Nimeona nikuulize kwanza."

Dada mtu alitazama kopo la vifungo. Swali lile lilikuwa limechelewa miaka miwili, na lilihusu mashine nyingine. Jibu kali lilimfika ulimini. Akalimeza.

"Usikiuze," alisema.

"Basi nikutumie?"

"Vitu hivyo huvunjika njiani. Kilete mwenyewe."

"Haya, dada. Nitakileta."

Alifungua skrubu, akaichomoa kadi mpya na kuiviringisha kwa kipande cha bitana. Ile ya zamani akaitoa koponi, ikiwa na kifungo kimoja kimenasa, akairudisha mahali pake. Akaandika: "Tayari?"

Kinyonga alikuwa bado ameegesha palepale mlimani, taa zikiwaka na kuzimika.