Kompyuta ya Kumi na Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini Stockholm nilinyang'anywa kalamu. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, fundi umeme wa miaka ishirini katika kiwanda cha nguo Bujumbura. Tulikuwa tumemaliza kufunga sanduku la fyuzi katika ofisi moja Hässelby. Ndani ya mlango wa sanduku kulibandikwa karatasi ya orodha: saketi hii inalisha taa, ile inalisha jiko, na chini yake jina la aliyechora mpango wa nyaya. Nikachomoa kalamu nijaze. Msimamizi wa kazi, Mswidi mrefu aliyeitwa Lennart, akaitoa mkononi mwangu taratibu.

"Hapa anayeandika ndiye anayejibu kukitokea hitilafu," akasema. "Wewe bado."

Mimi bado! Mimi niliyefunga mota kubwa kuliko gari lake! Nilirudi nyumbani Norsborg nimenuna hadi mke wangu akauliza nani amekufa. Siku hiyo niliapa kwamba jina langu litakaa ndani ya mlango wa sanduku, hata kama nitazeeka nikingoja.

Miaka mitatu nilitoboa kuta, nikavuta nyaya na kusoma kanuni zao kwa Kiswidi huku kamusi iko magotini. Hatimaye Lennart akanipa chumba nichore mwenyewe. Kilikuwa darasa la kompyuta chini ya jengo la ghorofa, Bredäng. Mwalimu wake, Mama Espérance, Mkongomani wa Bukavu, aliwafundisha kina mama kuandika barua za kuomba kazi.

Hesabu yangu ilikuwa safi. Unajumlisha umeme unaotumiwa na kila kompyuta na kioo chake, unagawa mzigo kwenye saketi, unachagua unene wa waya na fyuzi inayoulinda. Kompyuta kumi na sita, saketi mbili, nane kila upande. Mbele ya saketi zote nikafunga kifaa kimoja ninachokiita mlinzi. Kazi yake ni kupima umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua njiani, hukata kila kitu kabla mtu hajarushwa.

Jumatatu darasa likafunguliwa. Jumatatu hiyohiyo simu ikalia.

"Papa Zabuloni, kuran imekatika tena! Ba-mama bananiangalia tu." Alikuwa Mama Espérance; kuran kwao ni umeme.

Nikaenda, nikarudisha swichi, umeme ukaja. Kina mama wakawasha, ukakatika. Lennart alipopata habari hakupiga kelele. Alisema tu, "Una mpaka Ijumaa. Ikishindikana, mwenzako atachora upya." Afadhali angenitukana.

Nikaanza kuwasha moja moja. Kumi na mbili zilikaa vizuri. Ya kumi na tatu ilipowashwa, giza. Nikaitoa hiyo, nikaleta nyingine: giza. Nikaanzia upande wa dirisha badala ya mlango: kumi na mbili nzima, ya kumi na tatu giza.

"Papa, kumi na tatu njo ya shetani," Mama Espérance akasema. "Tusali?"

"Sali, mama. Mimi napima."

Ugonjwa haukuwa kwenye kompyuta yoyote. Ulikuwa kwenye idadi. Alhamisi nikakibana kipimo kwenye waya wa ardhi, ule unaobeba umeme uliopotea njia, nikawasha tena moja moja. Kila kompyuta iliongeza tone. Ndivyo zilivyoundwa: kila moja huvujisha kidogo sana, kiasi kisichomdhuru mtu. Lakini matone kumi na matatu yalimtosha mlinzi mmoja kuamini kwamba kuna mtu anakufa.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Kule kiwandani kompyuta ilikuwa moja tu, ya mhasibu, imefunikwa kitambaa cha kushona. Tulihesabu umeme unaotumika. Hakuna aliyenifundisha kuhesabu unaovuja, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilikuwa fundi wa miaka ishirini. Niliona aibu, nikachora mpango upya palepale: saketi nne, kompyuta nne kila moja, na kila saketi mlinzi wake.

Ijumaa Lennart akaja. Ningeweza kuzisingizia kompyuta, zilikuwa kuukuu. Lakini mficha uchi hazai.

"Kosa ni langu," nikamwambia. "Sikuhesabu mvujo." Nikamwonyesha vipimo na mchoro mpya.

Akasoma karatasi zote mbili polepole. Jioni ile tukafunga walinzi wanne pamoja. Kina mama wakawasha zote kumi na sita, na Mama Espérance akapiga kigelegele kabla hata vioo havijawaka. Lennart akatoa kalamu mfukoni, akanipa.

"Andika."

Nikaandika jina langu ndani ya mlango wa sanduku, herufi moja moja.

Baada ya hapo nilichora vyumba vingi mpaka nikastaafu. Ninyi mafundi mnaoanza, hesabuni pia kile kinachopotea, hasa pale mnapojiona mabingwa. Majuzi nilipita Bredäng. Kompyuta hazipo tena, chumba kimejaa viti. Nikamwomba mlinda jengo anifungulie sanduku. Karatasi ilikuwapo, wino umefifia, jina langu halisomeki vizuri. Nikachomoa kalamu, nikaanza kupita juu ya herufi.

"Unafanya nini, mzee?" akauliza. "Si umestaafu?"

"Umeme bado unapita humu," nikamjibu. "Na mimi bado najibu."