Doa Lililotambua Waongo

Miaka miwili mizima niliamini kwamba mashine ya kuchambua pamba ya Baraka inatambua waongo. Sikuwa peke yangu. Jambo hilo lilisemwa sokoni, likasemwa hadi mji wa Mboko, na mtu mmoja aliyeteremsha ng'ombe kutoka Minembwe alituapia kwamba huko juu hata ng'ombe wanalijua. Ubavuni mwa mashine, pale mhimili unapozungukia, kulikuwa na doa la manjano kama ndizi iliyoiva, pana kama kiganja. Ukisimama mbele yake ukasema uongo, doa linageuka jekundu kama mawese. Baadaye, mwongo akishakwenda zake, linarudi manjano. Nusu ya wanaume wa Baraka walikuwa wakishuka ziwani kwa kuzunguka nyuma ya mashamba ya mihogo, safari ya kumaliza viatu, ili tu wasipite karibu nalo.

Mimi sikuweza kuzunguka, maana nilimpenda binti wa fundi wa mashine hiyo. Kwa desturi ningempelekea baba yake maneno yangu nyumbani, nikapewa kiti na kuulizwa habari za ukoo. Lakini fundi huyu hakuiacha mashine yake tangu asubuhi mpaka jua linashuka. Aliyetaka binti alimfuata pale pale, akajieleza kwa kupiga kelele, doa likimtazama.

Na tayari nilikuwa nimedanganya. Nilikuwa nimemwambia binti kwamba nimemaliza shule ya jioni, naye akamwambia baba yake, na baba yake alikuwa ameapa kutomwoza kwa mtu asiyemaliza anachoanza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefika katikati, nikakwama kwenye hesabu za sehemu kama gari kwenye tope.

Nilikwenda saa nne asubuhi, shati langu limepigwa pasi mpaka lingeweza kwenda kuposa bila mimi. Rafiki yangu mvuvi alinisindikiza kama msemaji wangu, ila tangu mlangoni alipoteza usemi.

"We kijana," fundi akauliza, "shule umemaliza?"

"Nimemaliza, Muzee."

Nilitupa jicho kwenye doa. Wekundu ulikuwa umeanzia ukingoni, ukatambaa, ukalimeza lote. Nikakiri shule, na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikakiri na mengine: kwamba yule samaki mkubwa niliyezunguka naye mji mzima alivuliwa na dada yangu, na kwamba kanisani, wengine wakiimba, huwa nachezesha midomo tu.

"Basi, inatosha," fundi akasema. "Mi niliuliza shule tu. Rudia kusoma. Siku utamaliza, kuya tena hapa."

Tukiwa njiani rafiki yangu alipata tena sauti yake. "Ile ya samaki, nani alikuuliza?"

Nikarudi shuleni. Nilisoma kwa hofu, na hofu ni mwalimu mkali kuliko yule tuliyekuwa naye. Nilizikata sehemu zile kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na tisa; nilizikata hata usingizini, mama alisema, na shuka likapata taabu. Mwishowe nikapewa karatasi yenye muhuri, na siku iliyofuata, saa nne kamili, nikasimama tena mbele ya mashine kama mfalme, rafiki yangu ubavuni.

"Shule umemaliza?"

"Nimemaliza, Muzee. Karatasi hii hapa."

Doa likawa jekundu.

"We," rafiki yangu akaninong'oneza, "nini tena umefanya?"

Nikaupekua moyo wangu mpaka pembeni. Hakukuwa na kitu. Nikaona binti ananiponyoka, na badala ya kulia, nikakasirika.

"Muzee," nikasema, "mi nimesema kweli. Mashini yako ndiyo iko na bongo, ndiyo inadanganya."

Fundi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha grisi, akabaki na masharubu mapya. Akaisoma karatasi, juu mpaka chini, akaikunja vizuri na kunirudishia. Kisha akamimina mafuta pale mhimili unapozungukia.

"Binti iko wako, mukwe wangu," akasema. "Lakini sikia. Ile ni rangi tu. Muzungu aliyeleta mashini alinieleza. Ndani yake kuko fedha, ile ya pete, na zebaki, na iodini, ile banapaka kwa kidonda. Kukiwa baridi, kila chembe inakaa mahali yake. Moto ikifika kiasi fulani, chembe za fedha na za zebaki zinaacha mahali yao, zinatembea katikati ya zile za iodini, na zile za iodini zinabaki vile ziko. Rangi haiyeyuke, inabaki ngumu, inageuka tu nyekundu. Ikipoa, zinarudi. Kila siku saa ine chuma inapata moto, rangi inaniambia niweke mafuta. We ulikuya saa ine mara mbili. Kama ungekuya saa moja, ungenidanganya vile unataka, na ingebaki manjano."