Nilivyompokea Mgeni wa Meli

Jameni, nichekeni tu. Bwana wangu, mzungu mwenye shamba kule Mau Narok, alinituma Mombasa nimchukue mama yake akishuka meli. "Ukimpoteza, usirudi," akaniambia.

Meli nilikuwa sijawahi kuona. Ilisimama pale kama mlima wa Dundori ukitoka kwa ukungu asubuhi, nikasahau hata jina langu. Basi nikafanya vile tunafanya stesheni ya Nakuru: unashika mzigo wa mgeni kwanza, mwenyewe atafuata. Nikaona mama mzungu mzee amesimama na sanduku. Nikalibeba, nikaenda, najisikia kama natembea juu ya mawingu.

"Wewe! Simama!"

"Usijali, mama. Gari la moshi ndilo lile. Wajukuu wanakungoja."

Akanishika shati. "Wajukuu gani? Mimi narudi Ulaya! Meli yangu ndiyo hiyo!"

Honi ya meli ikalia. Nikageuka, sanduku bado kichwani. Nyuma yetu alikuja mama mzungu mwingine, amejibebea mzigo, jasho linamtoka, anaita jina moja tu alilofundishwa: "Mau Narok! Mau Narok!"