Karafuu Katika Daftari la Kumi na Tisa

Bi Kazija alikuwa mkali wa kalamu. Ukiingia na wino kwenye maktaba yake ya sayansi za afya, tawi la chuo kikuu pale Tanga, alikupokonya mlangoni, uwe mwanafunzi au profesa. Kitabu hakiandikwi pembeni, alisema. Hata mimi Hatibu, mjalidi wa vitabu vyake, alinifokea kwa penseli niliyoisahau sikioni.

Mikono yake mwenyewe, lakini, haikutoka wino. Tangu mwaka 1980 majarida ya tiba yaliacha kuja. Fedha za kigeni hakuna, sabuni yenyewe hakuna. Kila mwezi alipanda milimani, Amani, kwenye kituo cha utafiti chenye majarida yasiyoruhusiwa kutoka, akayanakili kwa mkono huku ukungu ukiingia dirishani na kukaa naye mezani. Aliniambia kule juu saa haziendi. Anaandika dozi ya klorokwini, akiinua kichwa ni jioni, na puani zinanukia karafuu za kwao Pemba. Madaftari niliyajalidi kwa uzi wa katani, yakafika arobaini na moja, wanafunzi wakayasoma hadi yakalainika.

Mama yake alipofariki kule Pemba, hakuwahi maziko. Wiki ile ile alikwenda Amani. Aliporudi, mimi mjinga nikamuuliza habari za karatasi badala ya kumpa pole.

Zikaja enzi za ruksa. Madukani vitu vikajaa, na kwetu yakaingia maboksi ya majarida yenyewe, mapya na ya miaka ya nyuma, pamoja na mkuu mpya, Dakta Shehzad.

"Bi Kazija, tarakimu moja ikikosewa katika madaftari haya, mtu anakufa," alisema. "Nitayalinganisha na majarida. Nikikuta kosa, yote yachomwe."

Alipotoka, Bi Kazija alinishika mkono. "Hatibu, kosa limo. Daftari la kumi na tisa, la wiki aliyofariki mama. Tangu siku ile sijathubutu kulifungua." Nilimwonea huruma.

Siku mbili dakta alilinganisha, tarakimu zote zikalingana. Siku ya tatu akalifikia la kumi na tisa. Katikati ya Kiingereza kizito cha homa za watoto, akasoma kwa sauti: "Mama, mvua yaja, zianue karafuu."

"Langu hilo, dakta," Bi Kazija alisema, macho chini. "Nadhani niliota. Chomeni."

Dakta alimgeuzia daftari. Pembeni, juu hadi chini, palijaa wino wa kila rangi, hati za watu mbalimbali, za miaka mbalimbali. *Amekwisha kuzianua. Hazikulowa, usihofu. Tumemsaidia, darasa la 1984.* Na chini kabisa: *Mama amelala. Lala nawe, Bi Kazija.*

"Tarakimu hazina kosa," dakta alisema. "Yarudishwe rafuni."

Bi Kazija alilikumbatia daftari akalia kwa sauti, bila haya, mlemle alimokataza hata kunong'ona. Kisha akajifuta macho, akanigeukia.

"Hatibu," aliuliza, "kalamu walizipitisha wapi watoto hawa?"