Kuishua Programu Sebuleni kwa Mjomba

Mjomba wangu hujenga mashua, na kwake kazi haijaisha mpaka chombo kishuliwe: watu huitwa, fatiha husomwa, halua huliwa, kisha kila mwenye mikono husukuma mpaka kielee. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba programu yangu iko tayari kupandishwa kwenye seva, akaita watu. Nilitaka kumkataza, sikuthubutu.

Programu yenyewe niliiandika kwa lugha ya Java kwenye masomo ya jioni hapa Kismayu. Inaonyesha mashua gani inakwenda Chula au Burgao na kama ina nafasi ya mzigo, ili mtu asishinde bandarini akiuliza. Kwenye laptopu yangu ilifanya kazi. Lakini mama alishasema kwamba ikishindikana siku ile, masomo ya jioni basi.

"Unakodolea kioo mwaka mzima, mimi peke yangu na masufuria. Leo nikione hicho kitu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayepanga chakula cha kesho.

Wageni walijaa baada ya alasiri, wengi wao manahodha. Nilikaa pembeni, karibu na modemu iliyowekwa dirishani, nikajificha nyuma ya laptopu. Nilikuwa na faili moja tu la kutuma. Ni kama sanduku, programu yote imo ndani. Likifika zima, seva hulifungua yenyewe na ukurasa unatokea. Likifika nusu, hakuna kitu.

Fatiha ikasomwa. Nikabonyeza. Mstari wa kijani ukatambaa, ukasimama, mtandao ukakatika. Nikaanza upya, ukakatika tena. Wageni walikuwa wameshafungua anwani kwenye simu zao, wakapata ukurasa mweupe wenye namba 404, yaani hakuna kitu hapo.

"Mia nne na nne," akasoma nahodha mmoja wa Chula. "Hiyo mashua ya nani? Mbona siijui?"

"Hiyo ni idadi ya vipande vya halua ulivyokula wewe," jirani yake akamjibu, na sebule nzima ikacheka.

"Haye, mwacheni mwana wa wachu," akasema mjomba, ambaye kwake mtu ni mchu, akainuka. "Na kila mchu atie mkono!"

Hapo ndipo nilipoona kipande cha katoni kikizunguka chumbani. Mjomba alikuwa ameandika nywila ya modemu kwa penseli yake ya useremala, na wageni karibu wote walikuwa wameshaingia mtandaoni. Kila mmoja aliufungua ukurasa, akaufunga, akaufungua tena. Ndivyo walivyosukuma. Waliochoka walikuwa wanatazama mpira. Faili langu lilikuwa linagombea njia moja na simu za chumba kizima.

Dawa niliijua, nayo ni kusema. Mimi sisemi mbele ya watu. Shuleni huandika jibu kwenye karatasi nikampa jirani asome. Nikamtazama mama aliyesimama mlangoni na birika la kahawa. Hakunionyesha ishara yoyote.

"Zimeni," nikasema. Hakuna aliyesikia. Mara ya pili sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Wajomba zangu, zimeni simu! Mmeniziba njia!"

Nahodha wa Chula akanitazama.

"Kumbe ana ulimi," akasema. Akazima yake, akamgeukia jirani. "Nawe zima, nahodha kasema."

Mjomba alizima mwisho. "Sasa mimi nisukume nini?" akauliza, na hakuwa anatania. Nikamwambia asisukume chochote. Akakaa, mikono magotini, kama mtu aliyenyang'anywa chombo chake cha kazi.

Mstari ukafika mwisho. Nikaipa seva nafasi ya kufungua sanduku lake, kisha nikaita ukurasa. Ukaja, na majina ya mashua yote yakiwa mahali pake. Watu walikuwa wanasogea, lakini nilimgeuzia mama kioo kwanza. Akasoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Hii ya chini, imejaa?"

"Bado ina nafasi."

"Haya."

Akamimina kahawa iliyobaki, akamwachia mjomba birika, akaelekea jikoni. Sauti yake ikaja kutoka huko.

"Vikombe hivyo utaviosha kesho, kabla hujaenda kwenye masomo yako."

Vilikuwa vingi. Nikaanza kuvikusanya.