Damu Kwanza, Dawa Baadaye

Kazi yangu ni choo cha watu. Nalisema mapema ili anayetaka kukunja pua aikunje sasa, tuendelee. Mimi ni mtafiti wa magonjwa ya tumbo yanayoletwa na chakula na maji: yanaanzia wapi, yanampata nani, yanaenea vipi. Kuanzia ploti za Kitengela hadi maboma ya ndani kabisa Kajiado, nimebisha hodi nikiomba sampuli, na watu wamenibatiza Mama Choo. Jina hilo nalipenda. Ni mimi niliyewasumbua wakubwa hadi maabara yetu ya Kajiado ikapata vifaa vya kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu na choo. Zamani sampuli zilipelekwa Nairobi, na majibu yalirudi mgonjwa akiwa ameshapona au ameshazikwa.

Kisha homa ikanishika mimi. Ilianza taratibu, ikipanda kila jioni. Kichwa kiligonga. Mwanzoni sikupata choo kabisa, halafu nikaharisha, choo cha kijani kama mchuzi wa ndengu. Nikajua ni taifodi. Choo cha namna hiyo nilikuwa nimekiona mara nyingi, ila hakikuwa changu.

Mume wangu, Baba Njoki, alikimbia duka la dawa akarudi na vidonge vya rangi mbili.

"Meza, Mama Njoki. Hapa Kitengela kila mtu akishikwa na taifodi anapewa hizi."

"Simezi. Nitolewe damu kwanza."

"Uko na homa hivyo na bado unataka utafiti?"

Hapo ndipo wengi wetu hukosea. Tunameza vya dukani, homa inatulia kidogo, tunaacha dawa katikati. Tukienda kupimwa, vijidudu vimejificha, na maabara haiwezi kusema ni dawa gani itakayoviua. Nimewaambia watu hayo miaka yote. Ningeyakana siku yangu ilipofika? Baba Njoki alinuna, lakini alinibeba hadi kwenye gari akanipeleka Kajiado siku hiyohiyo.

Maabarani tulimkuta Naserian, binti niliyemfundisha kazi mwenyewe.

"Sopa, Mama Choo!" akanisalimu kwa Kimaasai. Kisha akaniona uso. "Woi! Kumbe mgonjwa ni wewe?"

"Ipa," nikaitikia. "Toa damu, unipe na kikopo. Huruma baadaye."

Nililazwa hospitali. Daktari akanianzishia dawa ya kawaida tukingoja vijidudu viote. Haikushika. Tumbo lilifura likakaza kama ngoma. Nilijisaidia kitandani bila kujua, na mimi nisiyeona haya kutaja choo mbele ya wazee, siku hiyo niliona haya. Niliogopa pia. Nilijua kinachofuata ni utumbo kutoboka. Daktari alimvuta Baba Njoki pembeni, lakini masikio yangu yalikuwa mazima.

"Tusipopata dawa inayofanya kazi, utumbo utatoboka. Itabidi tumpasue, na sijui kama atahimili."

Baba Njoki alirudi akanishika mguu. "Si ungemeza tu zile dawa," akasema, machozi yakimtoka.

Nilimwomba Mungu maabara yetu isiniangushe.

Naserian alikuja mwenyewe, bado amevaa koti la kazi.

"Daktari, imeota! Hii kitu haisikii dawa mnampatia. Hata zile za duka hazingeigusa. Lakini iko na sindano moja inaiua, nimehakikisha."

Wakabadilisha. Homa ilishuka, ikajaribu kupanda, ikashuka tena. Asubuhi moja nilisikia njaa. Niliomba uji, nikaumaliza, nikaomba mwingine. Utumbo wangu haukutoboka.

"Dawa yangu haingekusaidia," akasema Baba Njoki.

"Sasa umeona," nikamwambia, wala sikumbembeleza.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na Naserian namshukuru huku nikijipongeza. Wewe unayesoma, homa ikikataa kuisha usikae nayo nyumbani. Nenda hospitali mapema, omba upimwe damu kabla ya kumeza chochote, na dawa utakayopewa uimalize hata ukijisikia mzima. Maji chemsha, hata kama yanaonekana safi.

Nilipopata nguvu nilizunguka ploti yetu na vikopo vyangu. Nilikuta tangi la maji la chini ya ardhi limepata ufa upande wa shimo la choo, likazibwa na kusafishwa. Jirani yangu Mama Achieng' alikuwa na binti, Achieng' mwenyewe, mwenye homa kama yangu. Alipopimwa vijidudu vilikuwa vilevile, kwa hiyo tangu mwanzo alipewa sindano iliyoniponya mimi. Hakufura tumbo, na hakuna aliyetaja kumpasua.

Juzi nilikuwa nimejilaza mchana, nikamsikia Achieng' akifukuzana na wenzake kwenye ngazi, wakipiga kelele za kutoboa masikio. Mama yake akatoka kumgombeza, eti Mama Njoki amelala. Nikafungua mlango nikamwambia amwache. Kelele ile ni kazi yangu.