Mifumo Mitatu na Mtihani Mmoja

Kutoka Korogwe hadi Tabora ni safari ya siku mbili kwa mtu mwenye haraka. Mimi ilinichukua miezi minne. Babu yangu mzaa baba alitoka Unyamwezi akiwa kijana, akaenda Tanga kukata mkonge, akaahidi kurudi na hakurudi. Nilizaliwa huko kwenye mkonge, nikasoma huko hadi kidato cha nne, na tangu hapo sijawahi kukaa mji mmoja zaidi ya miaka miwili. Nilipofikisha arobaini na tatu nikagundua kwamba nimezunguka kila upande isipokuwa alikotoka yeye.

Nilipumzika Morogoro, nikapumzika Dodoma. Igunga nilishuka kwenye basi kunywa chai, nikaona malori yanapakia mpunga na wapakiaji hawatoshi, nikaliacha basi liende na kiti changu. Nilibeba magunia wiki saba, nikilala kwenye godauni lililonukia pumba. Nzega nilikaa mwezi na siku kadhaa kwa sababu mwenye steshenari moja alihitaji mtu wa kuchapa. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua: kuchapa barua za watu, kutoa kopi, na kufufua kompyuta ambazo wenyewe wamezikatia tamaa. Kisha nikapanda Hiace ya mwisho, nikaingia Tabora alasiri moja ya mwezi wa sita, nikiwa na begi moja na flashi mbili mfukoni.

Chumba nilikipata kwa mama mmoja aliyenizidi miaka sita, kwa hiyo nilimwita dada. Nyumba ilikuwa ya urithi, ya zamani, ina baraza mbele na ua mkubwa nyuma. Aliishi na mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini na kitu aliyeshinda barazani akifuma vitambaa vya kroshia. Mababu zao walitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika enzi za misafara, wakafika hapa na hapa wakabaki. Dada alipojua asili yangu alicheka sana.

"Mnyamwezi wa mkonge," alisema. "Hata kusalimia Kinyamwezi hujui."

"Nimekuja kujifunza."

"Kwangu? Mimi Mmanyema. Umeshushwa kituo siyo, rudi ukamdai dereva."

Ukawa ndio utani wetu. Yeye alisema ukoo wake ulikuja kujaza nafasi tulizoziacha sisi tulipokimbilia pwani. Mimi nilisema ukoo wake ulikuja umebeba mizigo ya watu ukasahau njia ya kurudi. Bibi alikuwa akitikisa kichwa, sindano haisimami.

Dada alikuwa msaidizi katika shule ya chekechea pale mtaani. Alikuwa na watoto wake ishirini na kitu ambao kila asubuhi alikuwa akiwaosha makamasi na kuwafundisha irabu. Lakini hakuwa na cheti. Aliolewa akiwa kidato cha pili, mume akafa mapema, shule ikabaki nyuma. Sasa mwenye chekechea alikuwa amemwambia kwa upole kwamba mwakani darasa litapewa mwenye vyeti, na kwamba yeye asiyemaliza kidato cha nne hataweza hata kuomba chuo. Alikuwa ameshajiandikisha kufanya mtihani mwezi wa kumi na moja kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alihitaji kufaulu masomo manne. Aliniambia haya wiki ya pili, akiwa anachambua mchele, bila kuinua uso.

"Nikifeli, wale watoto nitakuwa nawaona dirishani tu," alisema.

Kisha akaniletea laptopu. Binti yake aliyekuwa akifanya kazi Mwanza alikuwa amepata mpya, akampa mama yake hii ya zamani. Ndani yake kulikuwa na mitihani yote ya nyuma, imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na kamusi ya Kiingereza. Kamusi ndiyo iliyokuwa roho yake, kwa kuwa mtihani wote ni wa Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili, na Kiingereza chake kiliishia pale ndoa ilipoanzia.

Niliiwasha. Bibi alimaliza mstari mzima wa kroshia, akaanza wa pili, ndipo picha za kubonyeza zikatokea. Nikafungua karatasi moja ya Historia, mashine ikaganda. Ilikuwa na kumbukumbu ndogo, gigabaiti mbili tu, na betri ilishakufa, ikiishi kwa waya wa ukutani kama mgonjwa wa dripu. Mfumo endeshi wake, ile programu kuu inayoamka kwanza na kuziamuru nyingine zote, ulikuwa mzito kupita nguvu zake. Kuna mifumo mingine, ya Linux, ya bure, mingine ikiwa imetengenezwa makusudi kwa mashine zilizozeeka. Nilimwambia tutaivua mashine koti zito na kuipa shati.

"Shati gani?" akauliza.

Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu mashati ni mengi. Nilikuwa nimepata kibarua kwenye steshenari karibu na sokoni, yenye intaneti. Nikapakua mifumo mitatu kwenye flashi zangu.

Wa kwanza nilimchagulia kwa macho. Ulikuwa mzuri, unafanana na ule aliouzoea, menyu yake chini kushoto, vivuli kwenye kila dirisha. Dada aliupenda siku moja. Siku ya pili, alipokuwa anafungua karatasi ya Jiografia na kamusi kwa pamoja, mashine ilipata joto, feni ikalia kama cherehani, kisha ikaganda. Nikasema mfumo huu bado mzito.

Wa pili ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani programu inaweza kuwa. Unaingia wote kwenye kumbukumbu ya mashine na kukaa humo, kwa hiyo kila kitu kinafunguka kabla hujaondoa kidole. Dada alifurahi mpaka akamwita mama yake aje kuona. Mchana ule alikaa kuandika jibu la swali kuhusu biashara ya masafa marefu. Alikuwa akiandika mambo ya mlangoni kwake, misafara ileile iliyowaleta mababu zake.

"Walibeba nini kutoka bara?" nikamuuliza.

"Pembe. Na babu wa watu."

"Andika hivyo."

"Mtahini atataka hoja sita. Babu wa watu ni hoja ngapi?"

Aliandika kurasa mbili na nusu kwa Kiingereza, neno kwa neno, kamusi ikiwa wazi pembeni. Ilikuwa mara ya kwanza kuandika jibu zima tangu awe msichana. Saa kumi jioni umeme ulikatika. Uliporudi, kurasa hazikuwepo. Mfumo ule, kwa kuwa unaishi kwenye kumbukumbu, husahau kila kitu ukizimika, isipokuwa umeutengea mahali pa kuhifadhi. Nilipaswa kuutengea siku ya kwanza. Nilijua, na sikufanya.

Hakunigombeza, na ningependelea anigombeze. Alifunga mfuniko taratibu, akasema, "Labda Mungu ananiambia kitu," akaingia ndani kupika. Kesho yake hakuifungua, wala kesho kutwa.

Mimi ni mtu wa kuondoka kazi inapoharibika. Kulikuwa na mtu Usinge, kituo kwenye reli ya Kigoma, aliyetaka msaidizi wa kutundika mizinga ya nyuki, na siku mbili zile nilikuwa nikiwaza treni ya Kigoma kila nilipokunja shati. Kilichonizuia ni watoto. Nilipita chekechea asubuhi nikielekea kazini, nikamkuta dada amechuchumaa mbele ya katoto kamoja kanakolia, anakafundisha herufi kwa kidole mchangani, kana kwamba ana maisha yote ya kukafundisha. Jioni nikamwomba msamaha, nikamwomba pia wiki moja.

Mfumo wa tatu ulikuwa wa kijivu. Hauna vivuli, hauna urembo, menyu inafunguka kama daftari la duka. Ulikuwa mwepesi, lakini ulihifadhi kila kitu palepale kwenye diski. Niliibeba laptopu hadi steshenari, nikauweka humo, nikaujaribu kutwa nzima nikiwa nimefungua mitihani mitano kwa pamoja, na haukuyumba. Nikairudisha laptopu nyumbani kwa furaha. Baada ya nusu saa mezani, feni ikalia na mashine ikaganda.

Nikairudisha steshenari. Salama kutwa nzima. Nikairudisha nyumbani, ikaganda. Nilisema umeme wa nyumba ile ni mbaya. Nikabadilisha waya, nikabadilisha tundu la ukutani, nikalala na wasiwasi.

"Labda haipendi Wamanyema," dada alisema. "Huko sokoni imejaa ndugu zako."

Alhamisi moja mchana bibi alikusanya vitambaa vyote vya sebuleni kwenda kuvifua, cha redio, cha jagi la maji, cha kiti, na kile kinene cha sufu kilichokuwa chini ya laptopu. Alikuwa amekifuma makusudi siku laptopu ilipofika kutoka Mwanza, kwa sababu katika nyumba ile kitu cha thamani hakiwekwi juu ya mbao tupu. Dada alisoma tangu saa nane hadi magharibi juu ya meza iliyo uchi. Mashine haikuganda hata mara moja. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe mkononi, nikaanza kucheka peke yangu.

Matundu ya hewa ya laptopu ile yalikuwa chini ya tumbo. Majuma yote yale ilikuwa ikipumua kwenye sufu. Nilikuwa nimebadilisha mifumo, waya na tundu la ukutani, na kitambaa sikukiona, ingawa nilikuwa nakigusa kila siku, nikikinyoosha hata pembe zake kabla ya kuweka mashine. Kwetu Korogwe mama alikuwa nacho cha redio, na aliyeiweka redio bila kitambaa alisemwa mpaka kesho. Mtu haoni kitu alicholelewa nacho.

Kazi ngumu ikawa kumwambia bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Unataka nini? Leo salamu yako imekuwa ya tatu."

Nikamweleza kwamba mashine ina pua, na pua zake ziko chini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nimekuwa nikimziba mtoto wa watu pumzi."

"Si wewe, bibi. Ni mimi fundi nisiyeona."

"Fundi gani huyo," alisema, akarudi kwenye sindano yake.

Nilikwenda kwa seremala, nikapewa vipande viwili vya mbao ya mninga vilivyobaki kwenye kazi ya kitanda, nikaviweka chini ya laptopu ili iinuke na kupata hewa. Siku tatu baadaye nikakuta kila kipande kimevikwa soksi ya kroshia, imekaa barabara, mshono hauonekani. Hewa ilipita chini yake, na meza haikuwa uchi tena.

Pengine hata mfumo wa kwanza, ule wenye vivuli, ungetosha. Nilimwambia dada hivyo, kwamba akitaka naweza kumrudishia ule mzuri.

"Usiuguse," alisema. "Huu wa kijivu nimeshauzoea. Nikiingia kwenye mtihani nitauona machoni."

Ndivyo tulivyochagua. Nimesoma mabishano mengi ya mafundi juu ya mfumo upi ni mwepesi zaidi, na sijakuta anayehesabu mazoea ya mtu anayeutumia. Yeye alihitaji karatasi zifunguke pamoja na kamusi, na kesho avikute palepale alipoviacha. Basi.

Miezi ile iliyofuata ilikuwa mizuri. Jioni nikirudi kazini nilimkuta amekaa mezani, miwani puani, akinong'ona maneno ya Kiingereza. Mimi nilimsaidia Jiografia na ile Hisabati niliyoikumbuka, ambayo haikuwa nyingi. Jibu la biashara ya masafa marefu aliliandika upya, likawa refu kuliko lile lililopotea, na alimweka humo bibi mzaa bibi yake, hakumtaja jina, alimwita mfano. Bibi alituletea karanga za kuchemsha. Nilijifunza salamu za Kinyamwezi kwa muuza tumbaku wa jirani, na nilipompa dada salamu hizo alijibu vizuri kuliko mimi. Alikuwa anazijua siku zote.

Alifanya mtihani mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa nimeazimia kuondoka mvua zikianza, nikakaa. Matokeo yalipotoka mimi ndiye niliyeyafungua, steshenari, asubuhi. Hisabati ilimpita mbali. Kiswahili, Historia, Jiografia na Uraia vilikaa. Manne. Nilitembea hadi chekechea nikamwonyesha karatasi mlangoni. Aliisoma, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye kanga kiunoni, akarudi kumfuta mtoto uso.

Mwenye chekechea alikubali kumwachia darasa huku dada akiomba chuo cha jirani, masomo ya likizo. Baada ya hapo sikuwa na sababu ya kukaa, na miguu yangu huwa inajua kabla yangu. Yule mtu wa Usinge alikuwa bado anataka msaidizi. Bibi niliagana naye barazani, akanishika mkono kwa muda mrefu na kuniombea dua ambayo sikuisikia yote.

Treni ilitarajiwa saa nne. Nilipita chekechea na begi langu, nikasimama dirishani. Dada alikuwa ubaoni, chaki mkononi, akiandika *ba, be, bi*. Watoto waliniona kabla yake, wakasimama wote.

"Shikamoo," wakasema kwa sauti moja.

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo."

Dada akageuka. Aliliangalia begi, akaniangalia mimi.

"Mnyamwezi," alisema, "nilijua utakwenda saa ya kipindi, ili nisikusindikize."

"Naweza kusubiri kipindi kiishe."

"Huwezi. Treni ikikuacha utabaki, na ukibaki utanung'unika." Akawageukia watoto. "Kaeni. Tumefika wapi?"

"Bi," wakasema.

Akaandika *bo*. Nikachukua begi langu nikaelekea stesheni.